Kitani cha Mwenyekiti

Mpaka leo nikisaga kitani, nasaga kwa hasira. Wajukuu wangu wanajua. Wakisikia jiwe linakwaruza jikoni wanaambiana, "Bibi yuko na baba yake mdogo tena," halafu wanakaa mbali. Wacheke tu. Kitani kinachosagwa kwa hasira kinalainika upesi, na maharage yangu hayajawahi kurudi jikoni.

Kwa asiyekijua, kitani ni mbegu ndogo za kahawia, bapa, zinazoteleza, ukizishika zinakukimbia kati ya vidole. Unazikaanga kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, mpaka zianze kurukaruka. Unaziacha zipoe, unazisaga. Chungu cha maharage kinataka vijiko viwili, na uvitie ukishaepua. Ukivitia juu ya moto umejipikia mlenda, usije kunilaumu. Uji wa ulezi unataka kijiko kimoja. Cha leo kisagwe leo, maana unga wa kitani ukilala unachacha, unakuwa mchungu. Na ukila, kunywa maji. Mengine yote ni ubishi.

Mama alikitoa Kashozi. Kwao ni Izimbya, lakini kabla ya kuolewa alikuwa akipika huko Kashozi, jikoni kwa masista wa misheni, na masista wale walikuwa na tuta la kitani nyuma ya jiko kwa ajili ya matumbo yao, kwa sababu ndizi za kila siku zilikuwa zimewashinda. Alipokwenda kuaga, sista mmoja mzee alimfungia mbegu kwenye leso. Bibi yangu naye akampa jiwe la kusagia pamoja na mtoto wake, yaani lile dogo la kushika mkononi. Hilo jiwe bibi alipewa na mama yake. Mama akaolewa Kishanda, huko Muleba, akiwa na leso ile na jiwe lile, na nguo zake chache.

Kwetu kibanja ni cha ukoo wa mume. Migomba ni yao, kahawa ni yao, makaburi ni yao. Mwanamke anapalilia, anatandaza nyasi, anabeba samadi mpaka mgongo unapinda, na hakuna mgomba hata mmoja anaoweza kuuita wake. Chake ni kile anacholima rweyani, kwenye majani huko nje ya vibanja, ambako wanawake wanapanda njugu mawe na ulezi na ambako mwanaume hashindani na mtu. Mama alipanda kitani chake huko. Kikitoa maua, yale ya buluu, wanawake waliokuwa wakienda kutafuta kuni walisimama kukitazama. Kila msimu alijaza vyungu viwili: kimoja cha kula, kilichokaangwa tayari, na kimoja cha mbegu, kibichi. Cha mbegu alikifunika kwa jani la mgomba na kukifunga kwa kamba. Baba alikuwa hagusi ebitoke, ndizi zetu za kupika, kabla hajachungulia kama maharage yamenyunyiziwa kitani.

Nilikuwa mtoto wao wa pekee, tena wa kike. Hilo likumbukeni, maana ndilo lililotuponza.

Wakati huo ndio tulikuwa tumo kwenye ujamaa. Kijiji kilikuwa na shamba la pamoja, kengele ya kuitia watu kazini, na mwenyekiti, na mwenyekiti mwenyewe alikuwa mdogo wake Baba. Kwa maneno, yule bwana alikuwa hajambo. Jembe lake lilikuwa jipya mwaka mzima. Siku moja akaja Bibi Maendeleo kutoka Bukoba mjini, mwanamke mwenye miwani na daftari, aliyekuwa akizunguka vijijini kufundisha mapishi na lishe. Mafuta ya kupikia yalikuwa ya kubahatisha dukani. Baba mdogo akamleta kwetu ale, kwa kuwa alijua pa kula vizuri ni wapi. Bibi Maendeleo alionja maharage ya Mama, akaonja tena, akauliza mafuta haya mmeyapata wapi. Mama akamwonyesha zile mbegu.

"Ndugu Mwenyekiti," akasema yule mama, akiandika haraka haraka, "kijiji kitakachopanda hizi kitakuwa mfano kwa wilaya nzima. Nitamleta mgeni aje aone."

Nilimwona baba mdogo akitazama kile chungu. Kichwa kilishaanza kumvimba.

Miezi michache baadaye Baba akafa. Homa, siku sita, basi. Sitaandika zaidi juu ya hilo kwa sababu sitaki kulia leo, leo nina hasira.

Matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo walikaa mbele ya nyumba, kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, katikati yao. Mama na mimi tulikaa chini kwenye nyasi, karibu na mlango. Wakasema marehemu hakuacha mtoto wa kiume, kwa hiyo kibanja kinarudi kwa ndugu yake, na mjane arudi kwao Izimbya na binti yake. Mama aliinamisha kichwa. Hilo alilitegemea, ndiyo desturi, na alikuwa amekwisha kufunga mizigo yake midogo. Lakini baba mdogo hakuridhika. Akasimama, akajipangusa midomo.

"Na kile chungu cha mbegu kibaki. Ni cha maendeleo ya kijiji. Na jiwe la kusagia lisitoke."

Mama akainua uso. "Shemeji, mbegu chukua. Jiwe nilikuja nalo. Waliobeba mizigo yangu siku ya harusi wapo hapa wamekaa, waulize."

"Kilicholala nyumbani mwa ndugu yangu ni cha ndugu yangu."

"Waitu," Mama akawageukia wazee, akiwaita kwa heshima, "jiwe hili ni la mama yangu."

 Yule mzee aliyelibeba jiwe lenyewe kwa mikono yake siku ya harusi alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake kana kwamba ameona nzi.  Nikaona mikono ya Mama imekamata nyasi, na hapo ndipo roho yangu ilipobadilika. Mpaka leo haijarudi ilivyokuwa.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Asubuhi yake, Mama alikwenda kaburini kwa Baba kusali rozari yake ya mwisho pale, na wazee walikuwa wamekwenda na baba mdogo kuonyeshana mipaka ya kibanja. Nikaingia jikoni. Nikafungua ile kamba, nikatoa jani, nikawasha moto mdogo kama nilivyofundishwa. Nilikaanga mbegu zote za kile chungu, kikaango baada ya kikaango, nikizigeuza kwa mwiko mpaka zirukeruke, nikizitandaza kwenye ungo zipoe. Sikuunguza hata moja. Zilipopoa nikazirudisha, nikafunika kwa jani lilelile na kufunga fundo kama la Mama. Halafu nikalichukua lile jiwe dogo, mtoto wa jiwe, nikalitia kwenye mfuko wangu wa shule chini ya daftari. Lile kubwa lilinishinda kubeba. Nikajisemea, haya, baba mdogo, lea hili kubwa bila mtoto wake.

Msiniulize kama niliogopa. Niliimba.

Yeyote aliyewahi kuingia jikoni angezijua zile mbegu akizitafuna moja tu. Mbichi inanata kwenye meno, iliyokaangwa inakatika. Lakini mwanaume wa kwetu wa wakati ule jikoni alikujua kwa harufu tu. Baba mdogo alikuja kukibeba kile chungu mwenyewe, akakiweka chumbani kwake chini ya kitanda, akamkataza mke wake asikiguse kwa sababu ni mali ya umma. Angemwachia mkewe akipepete mara moja tu, mchezo wangu ungekuwa umekwisha. Hakumwachia.

Izimbya tulipokelewa na mjomba, kaka yake Mama, mtu mwema mwenye nyumba ndogo na mke aliyechoka. Mama alikuwa amebakiza mbegu kiganja kimoja, zimefungwa kwenye pindo la kanga, akazipanda rweyani. Zikaota. Lakini zilipokomaa hakuwa na jiwe. Akaazima kwa jirani. Kitani kina mafuta, kinaganda kwenye jiwe, na anayekuja kusaga ulezi baada yako anakuta unga wake umeshikana. Jirani wa kwanza alikataa kwa upole, wa pili kwa maneno. Wa tatu alisema mbele ya watu kisimani kwamba mwanamke aliyerudishwa kwao angejifunza kula kama wenzake. Mama akarudi na bakuli lake la mbegu zilizokaangwa, akaliweka kwenye kona. Tukala maharage ya chumvi na maji. Nilimwona mara nyingi amelipakata lile jiwe dogo, analizungusha mkononi, na hakuna cha kulisagia. Kila nikimwona hivyo nilimtaja baba mdogo moyoni, na si kwa sala.

Alichokuwa anataka ni jiwe lake tu. Kibanja alikiachia ukoo. Jiwe hakuliachia.

Halafu siku moja akafika balozi wa nyumba kumi kutoka Kishanda, baiskeli yake imejaa vumbi. Alikunywa maji kwanza, akageuza kofia mkononi, ndipo akasema. Mwenyekiti amepanda shamba la mfano, hatua thelathini kwa thelathini, karibu na barabara ili wapitao waone. Kijiji kizima kimelima, kimeponda madongoa kwa mikono mpaka udongo ukawa laini kama unga, kimezungushia uzio. Mvua imenyesha vizuri. Wiki ya kwanza hakuna kitu, ya pili hakuna, ya nne yameota majani ya porini. Na Bibi Maendeleo ameandika kwamba anakuja na mgeni kutoka wilayani. Mwenyekiti anasema mjane ameiroga ile mbegu. Anamtaka aje kwenye baraza ajieleze.

Mke wa mjomba akashika kifua. Neno lile kwetu si la mchezo, watu walichomewa nyumba kwa neno lile. Mimi nilikuwa nimemkusudia baba mdogo, na sasa lililokuwa linakuja lilikuwa linamjia Mama. Nilifungua mdomo nimwambie. Nikaufunga. Ndiyo, niliufunga, na hilo ndilo pekee katika habari hii yote linaloniuma.

"Nisipokwenda watasema ni kweli," Mama akasema. Akafunga mbegu mbichi kwenye pindo la kanga, akatia jiwe dogo kwenye kikapu, akanishika mkono. Tulipanda lori la kahawa mpaka Muleba, mengine kwa miguu.

Baraza lilikuwa limejaa. Mgeni wa wilaya alikaa kwenye kiti chenye kitambaa, Bibi Maendeleo pembeni yake na daftari lake, na baba mdogo alikuwa amesimama, suruali imenyooshwa, anahutubia. Alisema habari za maadui wa maendeleo. Alisema kuna watu wenye roho mbaya ambao wakiondoka mahali wanaacha laana. Alinyoosha kidole kwa Mama. "Huyo hapo. Aseme amefanya nini."

 Mama alikwenda moja kwa moja kwenye kile chungu kilichowekwa mezani kama ushahidi, na mbegu kidogo zikiwa zimebaki chini. Akachota mbili tatu, akatia mdomoni.  Nilikuwa karibu, nikazisikia zikikatika: *kat, kat*.

Aliacha kutafuna. Akageuka akanitazama mimi. Hakutazama mtu mwingine yeyote. Akanisoma mzima, kuanzia kichwani mpaka miguuni, na nikajua amejua. Kisha akamgeukia mgeni.

"Waitu, mbegu hizi zimekaangwa."

"Zimefanywa nini?"

"Zimekaangwa. Ni za kula. Nilizikaanga mimi, kwa mikono yangu." Mama yangu, aliyekwenda kuungama kila Jumamosi, alisema hivyo bila kupepesa jicho. "Shemeji alisema chungu kibaki, kikabaki. Hakuniuliza ni mbegu gani. Angeniuliza ningemwambia."

Mwanamke mmoja nyuma alianza kucheka. Alijizuia kwa kanga, ikashindikana. Halafu wa pili. Halafu wale waliokuwa wameponda madongoa kwa vidole vyao, wanaume kwa wanawake, wakapasuka. "Mwenyekiti amepanda kitoweo!" mtu akapiga kelele. "Angetia na chumvi!" Mgeni wa wilaya aliinama akajitia kufunga kamba ya kiatu.  Loh, namna baba mdogo alivyonywea! Nilimtazama mpaka nikashiba.

Bibi Maendeleo alipogonga meza watu wakatulia. Akamwuliza Mama kama anazo nyingine, zilizo hai. Mama akafungua pindo la kanga. Akamwuliza kama atawafundisha akina mama wa kijiji kupanda na kupika.

"Nitawafundisha leo hii," Mama akasema. "Lakini sina jiwe. Jiwe langu liko kwa Mwenyekiti."

Baba mdogo akamgeukia mkewe. "Mke wangu, nenda kalete hilo jiwe."

Mke wake akainuka. Mama akainua mkono. Nilikuwa sijawahi kumwona akimwinulia mkono mtu wa ukoo ule.

"Keti, dada, tafadhali. Alete aliyelichukua."

Kwetu, mwanaume kubeba jiwe la kusagia mbele za watu, nje ya siku ya harusi, afadhali abebe mtoto mgongoni kwa mbeleko. Baba mdogo akamtazama mgeni. Mgeni akasema, "Ndugu Mwenyekiti, tunakusubiri." Basi akaenda. Tuliona kichwa chake kinapotea kwenye migomba, na baadaye kidogo tukamwona anarudi kwenye njia, amelibeba kichwani kwa kuwa mikononi lilimshinda, shingo imezama, ile suruali yake ya pasi imechafuka vumbi la unga wa zamani. Hakuna aliyecheka tena. Walimtazama tu, njia nzima. Akalishusha miguuni kwa Mama akihema. Mama akatoa mtoto wa jiwe kwenye kikapu, akamweka juu ya mama yake, akamsogeza mbele na nyuma mara moja, kujaribu. Akafuta macho kwa bega. Halafu akaomba maharage.

Siku ile kijiji kilikula. Sahani ya kwanza Mama alimpelekea Mwenyekiti, kwa magoti, kwa heshima zote, akangoja pale mpaka alipokula tonge la kwanza.

Tulirudi Izimbya na jiwe letu juu ya lori. Njiani nilitaka kumwambia. Akaniwahi. "Utaungama kwa padri," akasema, "na hutarudia." Nikaungama mengi, miaka mingi. Hilo sijaliungama. Naungamaje dhambi ambayo nikiikumbuka bado nafurahi?

Nilikua, nikaolewa, na vita ya Kagera ikaja ikapita. Dukani hakukuwa na mafuta wala sabuni wala sukari, na kila mwanamke akawa anasaga alichokuwa nacho. Mama alikuwa ameshakufa na jiwe lilikuwa jikoni kwangu. Siku hizo nikaletewa habari kwamba baba mdogo ni mgonjwa, tumbo limefunga, hali chochote. Hospitali wamemwambia ale vitu laini. Mke wake, yule mama mnyonge, aliniomba: "Kile kitani chenu, mwanangu. Njoo umpikie."

Nikaenda. Wengine watasema nilikwenda kwa huruma, wacha waseme. Nilisaga nyumbani alfajiri, nikafika Kishanda mchana, nikapika uji wa ulezi kwenye jiko lilelile la Mama. Nilipita kaburini kwa Baba kwanza. Migomba ilikuwa imeachwa, nyasi hazijatandazwa. Kibanja tulichofukuzwa ili kipate mwenyewe kilikuwa kimekosa mwenyewe.

Baba mdogo alikuwa amekwisha, mifupa na macho. Mkewe akanipa kigoda, akaenda kuchota maji. Nikamwinua kichwa, nikamlisha kijiko, akala. Cha pili, akala. Akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Hiki ndicho kitani cha mama yako."

"Ndicho, baba."

"Mama yako alinitenda. Zile mbegu. Mpaka leo nawaza, kwa nini mtu akaange chungu kizima cha mbegu?"

Nilijaza kijiko. Nikapuliza, nisimuunguze. Nikamtia mdomoni, na kikiwa bado mdomoni nikainama sikioni kwake, nikasema taratibu, asikose hata neno moja.

"Mama hakukaanga. Alikuwa kaburini anasali. Nilikaanga mimi, huku naimba."

Macho yake yakanigeukia. Kijiko kilikuwa kati ya meno yake na mkono wake ulikuwa hauna nguvu ya kukitoa. Nikangoja. Akameza.

"Kunywa maji," nikamwambia, na nikajaza kijiko kingine.